Mstari wa Tarehe wa Kimataifa na Mikunjo Yake: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Saa zote hapa ni za Kiswahili: saa 1 asubuhi ndiyo 07:00. Pale tu panapohusu ratiba au hesabu tumeandika mtindo wa saa 24, kama 13:00. UTC ni saa ya ulimwengu, ile inayofuatwa kama kipimo na nchi zote. Kenya, Tanzania na Uganda ziko mbele yake kwa saa 3.

## Misingi

1. Mstari wa tarehe ni nini hasa?

Ni mpaka wa kufikirika unaokata Bahari ya Pasifiki kutoka Ncha ya Kaskazini hadi Ncha ya Kusini, karibu na longitudo ya nyuzi 180. Upande wake wa magharibi kuna Asia, Australia na Nyuzilandi. Upande wa mashariki kuna Hawaii na bara la Amerika. Tarehe ya upande wa magharibi iko mbele kwa siku moja.

Angalia usichanganywe na majina. Japani tunaiita Mashariki ya Mbali, lakini ukiwa kwenye mstari huu Japani iko magharibi yako. Wengi hukosea hesabu kwa sababu hiyo tu. Ni salama zaidi kusema "upande wa Asia" na "upande wa Amerika", na ndivyo tutakavyosema hapa.

2. Kwa nini lazima uwepo? Si tarehe inabadilika yenyewe saa 6 usiku?

Inabadilika, ila hiyo haitoshi. Chukua chapati, ikate mara moja kutoka katikati hadi ukingoni. Bado una chapati moja. Ili upate vipande viwili lazima ukate mara ya pili. Dunia nayo ni hivyo hivyo: kama sehemu moja iko Jumanne na sehemu nyingine Jumatano, lazima pawe na mipaka miwili kati yao, si mmoja.

Mpaka wa kwanza ni usiku wa manane. Huu hautulii: unasafiri kuelekea magharibi nyuzi 15 kila saa, na kwenye Ikweta hiyo ni kama kilomita 1,670 kwa saa. Nyuma yake unaacha siku mpya. Mpaka wa pili ndio mstari wa tarehe, nao hautembei na saa, umekaa palepale. Usiku wa manane huanzia safari kwenye mstari huo, huzunguka dunia, na kuishia hapohapo ulipoanzia. Bila huo mpaka wa pili kusingekuwa na mahali pa kusema "siku inaanzia hapa".

3. Nikiuvuka, nibadilishe nini?

Tarehe na jina la siku. Ukielekea Amerika unarudia siku: Jumanne tarehe 10 inageuka Jumatatu tarehe 9. Ukielekea Asia unaruka siku: Jumatatu tarehe 9 inageuka Jumanne tarehe 10.

Kosa la kawaida ni kugeuza. Mtu anayekwenda mashariki amekuwa akisogeza saa yake mbele njiani, saa moja kwa kila nyuzi 15, basi anadhani na tarehe ataisogeza mbele. La. Akizunguka dunia nzima atakuwa ameongeza saa 24, yaani siku ambayo haikuwepo. Mstari unamnyang'anya hiyo siku ya ziada.

Vipi kuhusu saa yenyewe? Kwenye nyuzi 180 katikati ya bahari haibadiliki hata kidogo, kwa kuwa tofauti ni saa 24 kamili. Nchi kavu inategemea saa ambazo nchi za pande mbili zimejichagulia (tazama swali la 13).

4. Kwa hiyo ninaweza kurudi jana?

Kalenda ndiyo inayorudi. Umri wako, njaa yako na deni lako vinaendelea kuhesabika kama kawaida.

5. Siku mpya inaanzia wapi, na hapo kwetu inakuwa saa ngapi?

Inaanzia Visiwa vya Line, mashariki ya nchi ya Kiribati, ambako kisiwa kikubwa ni Kiritimati (hutamkwa "Kirisimasi"). Wao wako mbele ya UTC kwa saa 14. Wanapofika saa 6 usiku, Nairobi na Dar es Salaam ni saa 7 mchana wa siku iliyotangulia. Ndiyo kusema Mwaka Mpya unapoanza kule, hapa watu wanakula chakula cha mchana cha tarehe 31 Desemba.

Mwisho wa siku uko kwenye visiwa vya Baker na Howland vya Marekani, visivyokaliwa na watu, vilivyo nyuma ya UTC kwa saa 12. Tarehe inapokwisha huko, hapa ni saa 9 alasiri ya siku inayofuata. Ukihesabu tangu Kiritimati walipoipokea, tarehe moja hudumu duniani saa 50.

6. Ni kweli kuna wakati dunia ina tarehe tatu?

Kweli, na hutokea kila siku, kati ya saa 7 mchana na saa 9 alasiri za Afrika Mashariki. Jumatano saa 7 na nusu mchana huku kwetu, Kiritimati ni Alhamisi saa 6 na nusu usiku, na Pago Pago katika Samoa ya Marekani bado ni Jumanne saa 5 na nusu usiku. Ukiviacha visiwa visivyo na watu, muda huo unapungua na kuishia saa 8 mchana.

Kinyume chake hakipo. Hakuna hata dakika moja ambapo dunia nzima iko tarehe moja.

7. Nitajuaje kule ni tarehe ngapi bila kubahatisha?

Usijaribu kuhesabu kanda kwa kidole juu ya ramani ukivuka Pasifiki. Pitia UTC. Toa 3 kwenye saa yako ya Afrika Mashariki, kisha jumlisha au toa tofauti ya kule. Jibu likifika 24 au kuzidi, toa 24 na usogeze tarehe mbele. Likiwa chini ya sifuri, ongeza 24 na urudishe tarehe nyuma. Walio Rwanda, Burundi au Lubumbashi watoe 2, na walio Kinshasa watoe 1.

Mfano: Nairobi ni Alhamisi 10:00, yaani saa 4 asubuhi. UTC ni 07:00. Kiritimati: 7 + 14 = 21, Alhamisi saa 3 usiku. Honolulu: 7 − 10 = −3, ongeza 24 upate 21, Jumatano saa 3 usiku. Miji hiyo iko karibu kwenye longitudo moja, nyuzi 157 na kitu magharibi. Saa ni ileile, giza ni lilelile, na bado wametofautiana siku nzima.

## Nani aliuchora

8. Ni mkataba gani uliouweka?

Hakuna. Watu wengi hutaja Mkutano wa Meridiani uliofanyika Washington Oktoba 1884. Mkutano ule wa nchi 25 uliichagua Greenwich kuwa longitudo sifuri, kwa kura 22 dhidi ya 1, Ufaransa na Brazili zikijizuia. Mstari wa tarehe haukuamuliwa pale. Nyuzi 180 ni upande wa pili wa Greenwich, na kwa bahati njema upande huo ni bahari tupu karibu yote, kwa hiyo desturi ikajikita hapo.

Kinachoonekana kwenye ramani ni jumla ya maamuzi ya kila nchi kuhusu tarehe inayoifuata ndani ya mipaka yake. Mchora ramani huunganisha tu: visiwa hivi vinafuata tarehe ya Asia, vile vya Amerika, basi anapitisha mstari katikati. Ndiyo maana ramani mbili nzuri zinaweza kutofautiana katikati ya bahari. Hakuna aliyekosea, kwa kuwa pale hakuna mtu wa kuulizwa leo ni siku gani.

9. Kabla ya hapo watu walijuaje?

Tatizo lilijulikana kabla mtu hajaizunguka dunia. Abulfida, mwanajiografia wa Shamu aliyefariki 1331, alieleza kwamba msafiri akizunguka kwenda magharibi na mwingine mashariki, wakirudi hesabu zao za siku zitapishana na ya aliyebaki nyumbani. Uthibitisho ulikuja Julai 1522. Meli Victoria, iliyobaki katika msafara ulioanzishwa na Magellan, ilitia nanga Cape Verde. Daftari lao lilisema Jumatano, wenyeji wakasema Alhamisi. Antonio Pigafetta, aliyekuwa akiandika kumbukumbu bila kuruka siku, alishangaa sana kabla ya kuelewa kwamba hawakukosea kuhesabu.

Baadaye tarehe ilifuata njia ya meli. Wareno walikwenda Asia kwa kuizunguka Afrika, wakipita Msumbiji, Mombasa na Malindi, hadi Goa na Macau. Wahispania waliifikia Manila kutoka upande wa pili, kupitia Meksiko. Kila mmoja alifika na tarehe yake. Kwa karne kadhaa Macau na Manila, bandari jirani, zilipishana siku moja.

Ufilipino ilirekebisha hilo kwa amri ya Gavana Narciso Clavería: Jumatatu tarehe 30 Desemba 1844 ilifuatwa na Jumatano tarehe 1 Januari 1845. Biashara na Meksiko ilikuwa imekufa, na wateja walikuwa Uchina na majirani wengine wa Asia. Alaska ilikwenda kinyume. Warusi waliifikia kutoka Siberia, kwa hiyo ilikuwa na tarehe ya Asia. Marekani ilipoinunua na kukabidhiwa mwaka 1867, Ijumaa ilifuatwa na Ijumaa. Tarehe ziliruka kutoka 6 hadi 18 Oktoba, kwa sababu siku hiyohiyo waliacha pia kalenda ya Julius na kuchukua ya Gregori: kalenda iliruka siku 12, mstari ukarudisha moja.

10. Mabaharia wanafuata mstari huohuo uliopinda?

Hapana. Katika bahari kuu hufuatwa nyuzi 180 iliyonyooka, kulingana na utaratibu wa kanda za saa za baharini uliotokana na mkutano wa Waingereza na Wafaransa mwaka 1917. Kanda hizo zina upana wa nyuzi 15, isipokuwa ile ya nyuzi 180, iliyogawanywa nusu mbili za nyuzi 7.5: upande wa Asia uko mbele ya UTC kwa saa 12, upande wa Amerika uko nyuma kwa saa 12. Meli ikiingia maji ya nchi hufuata saa ya nchi. Kwa vitendo, nahodha huchagua usiku unaofaa kwa zamu na kwa jikoni, akatangaza kuwa kesho ni Jumatatu tena.

## Mikunjo

11. Kwa nini umepinda badala ya kunyooka?

Kwa sababu watu hawapendi kijiji na ofisi yao ya mkoa ziwe siku mbili tofauti. Tofauti ya saa moja tunaizoea: ukitoka Kigoma kwenda Kalemie, au ukivuka Rusumo kuingia Rwanda, unarudisha saa moja nyuma na maisha yanaendelea. Tofauti ya siku ni jambo jingine. Soko la Jumamosi, ibada, mshahara, mtihani wa taifa, tarehe ya kesi: vyote vinagongana.

Sababu ya pili ni biashara, nayo kwa maoni yetu ndiyo nzito zaidi. Nchi inachagua kuwa siku moja na yule inayemuuzia na kununua kwake. Mshirika akibadilika, mstari unahama.

12. Unapita wapi hasa?

Kutoka Ncha ya Kaskazini unashuka na nyuzi 180, kisha unapinda mashariki ili Chukotka yote ibaki na Urusi, ukipita mlangobahari wa Bering kwenye nyuzi 169 magharibi hivi. Hapo unapinda kwa nguvu upande wa pili, ukiingia hadi longitudo ya mashariki, ili Visiwa vya Aleuti vyote vibaki na Alaska. Unarudi nyuzi 180 na kuteremka hadi karibu na Ikweta. Hapo ndipo penye mkunjo mkubwa kuliko yote, unaochomoza mashariki hadi nyuzi 150 magharibi kuizunguka Kiribati: zaidi ya kilomita 3,000. Ukirudi unapita kati ya Samoa na Samoa ya Marekani, unaziacha Tonga na visiwa vya Chatham vya Nyuzilandi upande wa Asia, kisha unaishika tena nyuzi 180 hadi Antaktika.

13. Visiwa vya Diomede vinavyosifika mtandaoni ni vipi?

Viko viwili katikati ya mlangobahari wa Bering: Diomede Kubwa ni ya Urusi, Diomede Ndogo ni ya Marekani. Kati yao pana kama kilomita 4. Picha nyingi husema tofauti ni saa 24, si kweli. Kile cha Urusi kiko saa 12 mbele ya UTC, na Alaska iko saa 9 nyuma. Tofauti ni saa 21, na inapungua hadi 20 Marekani wanaposogeza saa mbele majira ya joto.

14. Samoa ilipoteza Ijumaa kwa namna gani?

Hadi 1892 Samoa ilikuwa na tarehe ya Asia. Wafanyabiashara wa Kimarekani walikuwa na nguvu, San Francisco ndiyo ilikuwa soko, basi Mfalme Malietoa Laupepa akakubali kuhama. Jumatatu tarehe 4 Julai 1892 ilirudiwa mara mbili, na kwa kuwa ulikuwa mwaka mrefu, Samoa ikawa na siku 367. Tarehe 4 Julai ndiyo sikukuu ya uhuru wa Marekani. Uchaguzi wa tarehe unajieleza.

Miaka 119 baadaye washirika wakubwa walikuwa Nyuzilandi na Australia. Ijumaa ofisi za Apia, mji mkuu wa Samoa, zikiwa wazi, Auckland ilikuwa Jumamosi. Jumatatu Sydney wakianza kazi, Samoa ilikuwa Jumapili kanisani. Katika siku tano za kazi, kila upande ulikuwa unapoteza moja. Serikali ya Tuilaepa Sailele Malielegaoi, iliyokuwa tayari imehamisha magari kutoka upande wa kulia wa barabara kwenda kushoto mwaka 2009, ikapitisha sheria. Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011 ilipokwisha, ilifuata Jumamosi tarehe 31. Tokelau ilihama nayo usiku huohuo. Waajiri walitakiwa kuwalipa wafanyakazi ile Ijumaa ambayo haikuwepo.

Samoa ya Marekani ilibaki palepale. Safari ya ndege kati ya Apia na Pago Pago haifiki saa nzima, lakini kalenda zimeachana kwa saa 24 kamili, kwa hiyo unaweza kusherehekea siku yako ya kuzaliwa mara mbili ukitaka.

15. Na Kiribati?

Kiribati ilipopata uhuru mwaka 1979 ilirithi mstari unaoikata katikati. Tarawa, penye serikali, ilikuwa upande wa Asia. Visiwa vya Phoenix na vya Line vilikuwa upande wa Amerika. Ofisi za pande mbili zilikuwa na siku nne tu kwa wiki za kuwasiliana. Mwishoni mwa 1994, kuingia 1995, visiwa vya mashariki viliruka siku moja na nchi nzima ikawa tarehe moja.

Hawakuomba ruhusa kwa mtu. Baadhi ya wachora ramani waliendelea kuunyoosha mstari kwa miaka, kana kwamba ramani ndiyo inayowatawala wakazi. Na kweli, sherehe za mwaka 2000 zilikuwa karibu, na kisiwa cha Caroline kilibadilishwa jina mwaka 1997 kikaitwa Kisiwa cha Milenia. Lakini kusema walihama kwa ajili ya watalii ni kuwaonea. Tatizo la zile siku nne lilikuwa halisi.

16. Kama duara ni saa 24, inakuwaje kuna +13 na +14?

Kwa jua, mwisho ungekuwa +12 (saa 12 mbele ya UTC) na −12 (saa 12 nyuma yake). Samoa ya leo kwa jua ni −11. Visiwa vya Line ni −10. Walipohama hawakubadilisha saa zao za ukutani, wangejikuta wanakula chakula cha mchana gizani. Walibadilisha tarehe tu, yaani waliongeza 24: −11 + 24 ni +13, na −10 + 24 ni +14.

17. Fiji nyuzi 180 inapita nchi kavu. Mbona hawana tabu?

Inapita kweli kisiwa cha Taveuni, na pana kibao cha kupigia picha, mguu mmoja kila upande. Ni picha tu. Tangu 1879 sheria iliweka tarehe moja kwa koloni lote, ya upande wa Asia.

18. Nchi yoyote inaweza kuhama kesho?

Kisheria ndiyo, ni suala la ndani. Kinachoumiza ni maandalizi. Lazima itangazwe miezi kadhaa kabla, ili mashirika ya ndege yapange upya tiketi, benki ziamue riba ya siku isiyokuwepo, na watunzaji wa hifadhidata ya kanda za saa inayotumiwa na simu na kompyuta waingize badiliko na masasisho yawafikie watu. Siku inayorukwa huchaguliwa karibu na sikukuu au mwishoni mwa wiki, shughuli zikiwa chache. Visiwa vya Marshall vilipoirekebisha Kwajalein, sehemu ya nchi yao iliyokuwa ikifuata tarehe ya Marekani, waliruka Jumamosi tarehe 21 Agosti 1993.

## Safari

19. Nikitoka Afrika Mashariki nitauvuka lini?

Mara nyingi hutauvuka. Nairobi hadi Marekani hupitia Atlantiki. Dar es Salaam hadi Auckland kupitia Ghuba hupita Bahari ya Hindi na Australia. Utauvuka ukiunganisha Asia na Amerika, kwa mfano mfanyabiashara aliyemaliza shughuli Guangzhou na kuendelea moja kwa moja hadi Los Angeles.

20. Tiketi inasema nitafika kabla sijaondoka. Imekosewa?

Haijakosewa. Tiketi huonyesha saa na tarehe za mahali, kuondoka na kufika. Ndege ikitoka Auckland Jumamosi 09:00 na kuruka saa 4 hadi Rarotonga (Visiwa vya Cook, upande wa Amerika), itatua Ijumaa 15:00. Kwenye ratiba utaona "−1" pembeni ya saa ya kufika. Kinyume chake, ukitoka Los Angeles Jumatatu 22:00 kwa safari ya saa 13 hadi Auckland, utatua Jumatano asubuhi, utaona "+2". Jumanne yako utakuwa umeipata saa chache tu, ukiwa kitini.

Panapoharibika ni hoteli. Mtu anaweka chumba kuanzia Jumamosi kwa kuwa anaondoka Jumamosi, kumbe anatua Ijumaa na hana pa kulala. Weka hoteli kwa tarehe ya kutua iliyo kwenye tiketi, usihesabu kichwani. Viza nayo iwe imeanza kufanya kazi tarehe hiyo.

21. Ninameza dawa kila siku. Nikirudia siku ninameza mara mbili?

Dawa haijui tarehe. Hesabu saa 24 tangu kidonge cha mwisho, ukiiacha saa yako ya mkononi kwenye saa za nyumbani hadi ufike. Kwa insulini, panga ratiba na daktari kabla ya safari.

## Kompyuta na tarehe za mwisho

22. Tangazo linasema mwisho ni tarehe 15 "AoE". Maana yake nini?

Ni kifupi cha Kiingereza cha "Anywhere on Earth", yaani popote duniani, na hutumika sana kwenye makongamano ya kitaaluma. Maana yake ni kwamba muda haujaisha mradi popote duniani bado ni tarehe 15, hivyo kinachofuatwa ni saa za Baker na Howland. Kwa Afrika Mashariki mwisho halisi ni tarehe 16 saa 8 na dakika 59 mchana. Tangazo lisilosema ni saa za wapi, lichukulie ni saa za kwetu au mapema zaidi.

23. Kwa nini programu yangu inaonyesha tarehe ya kuzaliwa pungufu kwa siku moja?

Hili halihitaji kufika Pasifiki. Umehifadhi tarehe kama wakati kamili: 1 Juni, saa 6 usiku, Dar es Salaam. Mfumo ukaigeuza kuwa UTC, ikawa 31 Mei 21:00, na kilichosomwa baadaye ni 31 Mei. Tarehe ya kuzaliwa ihifadhiwe kama tarehe tupu, bila saa wala ukanda.

Mitego miwili mingine. Ukanda wenye jina "Etc/GMT+12" uko saa 12 nyuma, si mbele. Alama zake zimegeuzwa. Na ukanda "Pacific/Apia" hauna kabisa tarehe 30 Desemba 2011, kwa hiyo programu inayotengeneza orodha ya kila siku inaweza kukwama hapo au kuandika siku mara mbili.

Ukidhani ni mambo madogo, Februari 2007 kundi la ndege za kivita za Marekani aina ya F-22 zikitoka Hawaii kwenda Okinawa zilivuka mstari huu na mifumo yake ya kuongoza safari ikazimika. Zilirudi Hawaii zikiifuata ndege ya mafuta.

## Ya pembeni

24. Je, Doto anaweza kuwa na tarehe ya kuzaliwa inayotangulia ya Kulwa?

Anaweza. Mama wa mapacha hawa yuko ndani ya ndege kutoka Tokyo kwenda Honolulu. Kulwa anazaliwa tarehe 2 upande wa Asia. Ndege inavuka, na baada ya nusu saa Doto anazaliwa: tarehe 1. Kulwa anabaki kuwa wa kwanza kwa haki zote, cheti kiseme kisemavyo.

25. Kwa desturi ya pwani siku inaanza jua linapotua, si saa 6 usiku. Mstari unabadilika?

Kinachobadilika ni ule mpaka wa kwanza wa swali la 2. Kwa anayesema "usiku wa kuamkia Ijumaa" na kuuhesabu kuwa ni wa Ijumaa, mpaka unaotembea ni machweo badala ya usiku wa manane. Mkato wa pili wa chapati bado unahitajika, na kwa kawaida Waislamu wa Fiji au Samoa huswali Ijumaa ile ya kalenda ya nchi.

Mwezi kuandama ni suala tofauti. Mwezi mwandamo huanza kuonekana sehemu tofauti ya dunia kila mwezi, kwa hiyo mpaka wa tarehe za Hijria huhama, wakati mstari wa tarehe umetulia. Mabishano ya Idi yasitiwe kwenye mstari huu; hauhusiki.

26. Wanaoshika siku ya saba wanafanyaje?

Hapa ndipo mkunjo ulipogusa imani. Tonga iko mashariki ya nyuzi 180 lakini inafuata tarehe ya Asia. Wasabato wa huko huhesabu wiki kwa nyuzi 180 iliyonyooka, hivyo Sabato yao huangukia siku ambayo nchi inaiita Jumapili. Samoa ilipohama mwaka 2011 swali likawafikia na wao: uongozi ukachukua njia ya Tonga, na baadhi ya waumini wakakataa, wakabaki na Jumamosi mpya. Marabi wa Kiyahudi nao wana rai zaidi ya moja kuhusu mahali mpaka ulipo.

27. Kwenye ncha za dunia na angani?

Kwenye ncha longitudo zote zinakutana, ukizunguka nguzo kwa hatua chache umeuvuka mstari. Kituo cha Ncha ya Kusini hufuata saa za Nyuzilandi, kwa kuwa mizigo yake hutokea Christchurch. Kituo cha Kimataifa cha Anga huizunguka dunia kama mara 16 kwa siku. Wanaanga wake hutumia UTC na hawagusi tarehe hadi UTC yenyewe ifike usiku wa manane.